Gramafoni ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni
Gramafoni ya mama mkwe imegoma. Ukiiwasha inanguruma, sahani haizunguki. Jumamosi anatimiza miaka sabini, na zawadi anayoitaka ni moja tu: asikie ile santuri aliyoletewa na marehemu baba mkwe wiki waliyochumbiana. Hajaisikiliza tangu tumzike mzee. Mwanyumba, yaani mume wa dada yake mke wangu, muuza bima, mtu wa kalamu mbili mfukoni, akasema anamfahamu fundi mzuri. Nikamkata kauli. Kazi hiyo ni yangu! Mke wangu akanitazama vile alivyonitazama siku ya bomba la jikoni. Sijali. Bomba lile lilitoka kiwandani likiwa bovu.

Jumanne, 4 Juni
Nimepiga kambi sebuleni kwa mama mkwe. Bisibisi tatu, koleo, tochi. Nimefungua, na ugonjwa nimeuona papo hapo: mkanda wa mpira unaozungusha sahani umeyeyuka, umekuwa kama lami. Vidole vikanatana. Mama mkwe akanisugua kwa mafuta ya taa, huku akinihadithia jinsi marehemu alivyotumwa kununua kitanda akarudi na gramafoni. Nikamwambia kwa adabu kwamba kazi hii inataka utulivu. Akaendelea. Kumbe walilala kwenye mkeka miezi minne.
Mchana wazo likanijia: lastiki! Nimeichomoa kwenye suruali yangu ya kulalia. Sahani inazunguka! Nimempigia mwanyumba simu kumjulisha. Kwa heshima tu.

Jumatano, 5 Juni
Inazunguka, ila mbio mno. Santuri ya mama mkwe sikuigusa, mimi si mjinga. Nimejaribia nyingine kuukuu, ya masomo ya kupiga taipu. Mwalimu ni mwanamume, lakini sauti ni ya mbu. Nikapiga hesabu: kigurudumu cha mota kikinenepa, mwendo utapungua. Nikakizungushia plasta ya kidonda. Mwalimu akazidi kukimbia. Nikaongeza plasta. Sasa hata huwezi kusema ni binadamu.
Halafu sindano ikaanza kurukaruka. Nikaubandika mkono wake betri kwa gundi, upate uzito. Ukatulia kweli. Ukachimba mtaro. Mwalimu amekwama: kidole kidogo! kidole kidogo! kidole kidogo! Mama mkwe alicheka mpaka akavua miwani. Sikuona cha kuchekesha.

Alhamisi, 6 Juni
Mama mkwe kaenda kliniki kupima presha. Nafasi! Nimeifunga gramafoni kwenye shuka, nikapita uchochoro wa nyuma hadi kwa fundi redio. Ni mama wa umri mkubwa, miwani yake ina kamba, watu humwita Mama Transista. Nikamwambia ni ya rafiki yangu.
Akaifungua. Akabandua betri. Akabandua plasta, moja baada ya nyingine. Lastiki akaishika kwa koleo. Akaniuliza kama huyo rafiki yangu ana maadui. Kisha mkanda mpya, sindano mpya, grisi kidogo. Mwisho akasukuma kiswichi cha mwendo kilichoko pembeni, kutoka 45 kwenda 33, akasema mbio zote zilikuwa zinatoka hapo. Nikamjibu nitamfikishia rafiki yangu. Nikamsihi neno hili libaki kati yetu. Alinitazama juu ya miwani, hakusema ndiyo, hakusema hapana. Nimechukulia ni ndiyo.
Mama mkwe alirudi akanikuta nimekaa sebuleni, jasho tele, bisibisi mkononi.

Ijumaa, 7 Juni
Nimeitangazia familia: imepona. Mwanyumba akauliza ilikuwa na nini. Nikasema msukumo wa mzunguko. Akatoa kalamu akaandika!

Jumamosi, 8 Juni
Wageni wamejaa hadi barazani. Saa nane akaingia mmoja mwenye gauni la buluu na miwani yenye kamba. Mama Transista! Kumbe ni rafiki wa mama mkwe tangu usichana wao. Na wakati huo huo watu wananitaka nieleze nilivyoitengeneza. Ningefanyaje? Nikaeleza. Dakika kumi na nane. Yeye anakula polepole, ananisikiliza kama mwanafunzi.
Mama mkwe akaiweka santuri mwenyewe. Sauti ikatoka safi. Akafumba macho, mkono ameulaza kwenye kiti kitupu kilicho kando yake. Hakuna aliyetafuna. Mimi nikapenga kamasi. Vumbi la santuri, bila shaka.
Katikati ya wimbo, kimya. Macho yote kwangu. Nikapiga magoti, nikatangaza kwamba ni ule ule msukumo wa mzunguko. Nilikuwa nimekwishatoa skrubu mbili Mama Transista alipoinama, akairudisha plagi ukutani. Nilikuwa nimeichomoa kwa kisigino changu. Nyumba nzima ikaangua kicheko, mwanyumba akiongoza.
Wageni walipoondoka nilikuwa nakusanya viti. Mama mkwe akaniambia alijua yote tangu Alhamisi jioni, rafiki yake alipompigia simu. Nikamuuliza kwa nini basi aliniacha nijianike mbele za watu. Akasema, “Mwanangu, tangu mwenzangu aondoke, hakuna mtu aliyekaa sebuleni humu na mimi siku mbili mfululizo. Ungemaliza Jumanne ningesikitika.”
Nikabeba viti.

Jumapili, 9 Juni
Nimetafakari kwa kina. Kwanza, mama mkwe ameridhika na kazi yangu, amesema kwa kinywa chake. Pili, iliyoleta aibu ni plagi, na plagi haikuwa sehemu ya matengenezo. Kwa hiyo upande wangu hakuna kosa.
Asubuhi hii pampu ya maji ya jirani inakohoa. Nimemkuta ameshika simu, anataka kumwita fundi. Nimemzuia kwa wakati. Nimekwishaifungua. Maji yamefika mlangoni kwake, na hiyo ni dalili nzuri: maana yake pampu bado ina nguvu.