Kompyuta ya Mama Mdogo Imepona, Mimi Nimekwisha

Jamani, leo sina pa kuuweka uso.

Kwa wasionijua: mimi ni Mwita, wa Tarime. Wenzangu wote wamekimbilia mashimo ya dhahabu, mimi nimebaki na laptop. Kuna Linux moja, mfumo wa kompyuta wa bure, walioutengeneza waliutelekeza ukafa. Sasa tuko watu wachache wa kujitolea, kila mmoja na nchi yake, tunaufufua kwa sababu unaendesha hata kompyuta kuukuu. Kazi yangu ni kutafsiri maandishi yake kwa Kiswahili. (Bila malipo. Ndiyo, baba ameshauliza kama nina akili timamu.)

Leo asubuhi wenzangu walitaka kuona kwa video mfumo ukiwekwa kwenye kompyuta ya zamani ya mtu wa kawaida. Nikasema, hilo niachieni mimi! Nikaenda kata ya Turwa kwa mama mdogo Bhoke. Kompyuta yake aliinunua shimo la baba mdogo lilipotoa dhahabu. Siku hizi ukiiwasha unasonga ugali, unakula, unaosha vyombo, ndipo inafunguka.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mura, kijana wangu. Umekuja kuiponya?"

"Leo inapona kabisa!" (Mdomo huu.)

Sebuleni nikakuta kwaya nzima. Mama mdogo ndiye mwalimu wao, na Jumapili wanazindua nyimbo zao mpya. Wakanizunguka. Nikajiona daktari bingwa.

Nikachomeka flashi. Mama mdogo akashika kipanya, mimi nikashika simu kuwaonyesha wenzangu, huku natema Kiingereza cha puani ili kwaya inisikie.

"Mura, inauliza: Safisha diski nzima?"

Mimi niko katikati ya sentensi ndefu kuhusu mustakabali wa Afrika. "Bonyeza tu, mama, usiogope!"

"Inauliza tena kama nina uhakika."

"Unao!"

"Ninao kweli. Nyumba hii vumbi limezidi." Akabonyeza.

Baada ya muda mashine ikawaka upesi, inang'aa, Kiswahili kitupu. Vigelegele! Jamaa wa Brazil akapiga makofi mpaka akamwamsha mtoto wake. Nikainama kupokea sifa. (Niliinama, jamani. Niliinama!)

"Haya," akasema mama mdogo, "sasa wafungulie wageni nyimbo zetu."

"Nyimbo zipi?"

"Si za Jumapili? Zimo humo humo."

"Nakala nyingine iko wapi?"

"Kwa fundi aliyeturekodi. Ila aliuza mitambo yote, akaenda mashimoni."

Kwenye ile video, aliyeelewa Kiswahili ni Akinyi peke yake, mwenzetu wa Migori, hapo tu ng'ambo ya mpaka. "Ngoja kwanza," akasema. "Hapo ingefaa kusema 'futa'. Nani alitafsiri 'safisha'?"

Kwaya yote ikanitazama.

"Ni mimi," nikasema. "Niliona ni neno la upole."

Mzee Chacha, anayeimba besi, akavua miwani. "Kwa hiyo umefufua chako, umeua chetu."

Wale akina mama walirekodi nyimbo zile wakitokea shambani, matope miguuni. Bora wangenipiga.

Akinyi akanielekeza namna ya kutafuta mabaki kwenye diski. Tukahangaika mpaka mchana. Likapatikana faili moja! Kwaya wakashikana mikono. Nikafungulia sauti mpaka mwisho.

Ilikuwa sauti ya mama mdogo, akimlalamikia fundi: "Hawa soprano wanalia kama mbuzi wa mnadani! Na huyu Chacha, mkatie maikrofoni yake, hatajua!"

Soprano wote wakamgeukia mama mdogo. Mzee Chacha akamgeukia mama mdogo. Mama mdogo akanigeukia mimi.

Chai ilikuwa tayari mezani. Hakuna aliyenikaribisha. Nilipoaga, aliyeitikia ni Akinyi, kwenye simu.

Jumapili hakuna uzinduzi. Wataimba tu, kama bado wanasemeshana.

Neno nimeshalibadilisha. Nanyi wa Turwa, mkinikuta njiani, nisalimieni kama binadamu wengine. Kucheka, mkachekee kwenu, mkishafunga mlango.