Spana Akate Kona, Mimi Nirekodi

Jumatatu, 3 Juni

Barua imekuja! Mdogo wangu wa kike, fundi magari ambaye gereji nzima inamwita Spana, ameruhusiwa kuomba nafasi kwenye timu ya mbio za magari. Timu ya kweli, yenye magari yake, mafundi wake na sare. Wanataka kitu kimoja tu: video ya dakika tatu akiwa mashindanoni, iwafikie kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo. Mashindano yaliyobaki ni ya Jumapili hii, kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya kiwanda cha matofali. Mwaka ujao atakuwa amepita umri wa kupokewa. Ni Jumapili hii au basi tena.

Nikamwambia kazi ya video aniachie mimi. Akasema Bwana Harusi ameshajitolea.

Bwana Harusi ni jirani yetu, mpiga video za sherehe. Amerekodi harusi zaidi ya mia mbili na yake mwenyewe bado, ndiyo asili ya jina. Mtu mpole. Simpendi. Nikamweleza Spana kwamba bibi harusi hutembea hatua kwa hatua, gari la mbio halina adabu hiyo. Isitoshe, mimi nafanya kazi duka la miwani. Kutwa nzima nashika lenzi. Nani mtaani anazijua lenzi kunishinda?

Tangu wazazi wetu walipofariki nimemlea mimi. Hawezi kunikatalia. Akasema, "Sawa, kaka. Ila usipambe. Waonyeshe ninavyokata kona, basi."

Nashukuru kwa imani yake. Kupamba kidogo hakutamuumiza.

Jumanne, 4 Juni

Kazini. Nimesoma habari za kamera za video tangu asubuhi, simu chini ya kaunta. Nimejifunza makubwa. Kuna kamera zinazovuta picha kwa lenzi yenyewe, na kuna zinazovuta kwa hesabu za ndani. Tofauti sikuielewa, ila za hesabu zina namba kubwa zaidi. Pia kuna jambo muhimu mno kuhusu idadi ya picha kwa sekunde. Nililiandika kiganjani. Kisha nikanawa mikono.

Mchana mwalimu mstaafu alirudi na miwani yake mipya. Lenzi ya kushoto nilikuwa nimeiweka kulia. Ameshuka ngazi za posta akidhani zimeisha, kumbe zimebaki mbili. Hakuumia, namshukuru Mungu. Daktari wa macho, ambaye ndiye mwenye duka, hakufoka. Aliniuliza kama nyumbani kuna shida. Nikamsimulia habari za Spana. Akanipa ruhusa kesho nikatafute kamera. Watu wema bado wapo. Akaongeza kwamba na wateja watakuwa salama zaidi.

Jumatano, 5 Juni

Duka la vifaa vya umeme. Muuzaji, mama mtu mzima aliyechomeka kalamu kwenye nywele, aliniuliza narekodi nini. Magari ya mbio. Akanitolea kamera ndogo nyeusi, isiyo na mvuto wowote. Akasema lenzi yake inavuta mara ishirini kwelikweli, inatuliza mtikisiko wa mkono, na unaweza kuilenga kwa mkono ili isibabaike vumbi likipita mbele. Nikaijaribu dirishani, magari yakipita. Picha ilitulia kama maji mtungini.

Nikashuku. Mtu anayekusifia kitu kibaya sura ana shehena anayotaka kuimaliza. Rafu ya juu niliona nyingine, ya rangi ya fedha, imeandikwa kwa wekundu: MARA 800. Nikauliza, na hiyo je? Mama akashusha pumzi. Akasema hiyo mia nane ni hesabu tupu, picha inapasukapasuka. Ndipo nilipomgundua. Hiyo ndiyo aliyokuwa anaificha!

Nimeinunua. Akanisihi angalau nichukue kifuniko cha sifongo cha kuzuia upepo kwenye maikrofoni. Akanipa bure. Kushindwa kwa heshima si kila mtu anaweza. Nilimshukuru kwa mikono miwili.

Programu ya kuhariri nayo nimeipata. Zilikuwepo mbili. Moja ya bure, inakata na kuunganisha, kwisha. Nyingine ina milipuko arobaini na nane, moto wa aina sita, na simba anayenguruma. Nimechukua ya simba. Ni toleo la majaribio la siku saba, lakini mimi ni mtu mwepesi.

Ijumaa, 7 Juni

Mazoezi. Magari hayakupita ya kutosha mtaani, hivyo nilimwomba mke wangu, ambaye ni muuguzi na alikuwa anatoka zamu, akimbie mbele yangu mara moja badala ya gari. Alikuwa amesimama wodini kwa muda wa saa kumi na mbili. Akakimbia. Ndoa ni zawadi.

Matokeo: kwenye mia nane, mke wangu ni kiazi kilichovaa sare. Nikivuta pumzi tu, picha inahamia nyumba ya jirani. Ameuliza kwa upole kama ile nyeusi bado ipo dukani. Nikamwambia kosa si la kamera, ni la mkono, na dawa ya mkono ni stendi. Nimeazima stendi ya miguu mitatu kwa mpima ardhi. Mguu mmoja hauna skrubu. Nimeufunga kwa bandeji ya mke wangu, mizunguko mitano. Hospitali nzima isingefunga vizuri zaidi.

Bwana Harusi alipita, akaona. Akasema anaweza kuja Jumapili awe akiba yangu, endapo lolote litatokea. Nikamwambia asijisumbue, apumzike. Akatabasamu, akauliza kama Spana yupo. Hayupo. Akaenda zake. Ana tabia ya kupita kwetu kila jioni ingawa kwake ni upande wa pili.

Jumapili, 9 Juni

Bado nina vumbi hadi masikioni. Niandike hivyohivyo.

Nilifika mapema. Msimamizi wa bendera, mzee mwenye kizibao cha rangi ya chungwa, alinionyesha wanaposimama wapiga picha: juu ya tuta, mbali na njia. Lakini kwa mbali watu wanageuka viazi. Nikamsubiri ageuke, nikateremka hadi kona ya tatu, nikasimika stendi karibu na uzio wa waya.

Mizunguko miwili ilikwenda vizuri. Nilikuwa nimekunja mikono kifuani kama mkurugenzi. Mzunguko wa tatu bandeji ikalegea. Stendi ikainama taratibu, kama mtu anayesinzia mkutanoni, ikapita chini ya uzio na kamera yake, ikabingirika hadi katikati ya njia. Na Spana ndiye aliyekuwa anakuja. Wa nne. Gari jekundu ubavuni mwake.

Nilimwita kwa jina lake la utotoni.

Akaachia kanyagio la mafuta. Nyuma ya gari lake ikateleza kwenda nje, akaiacha iteleze, hakupapatika, akapita kati ya stendi na ukuta wa matairi kama uzi kwenye tundu la sindano. Gari jekundu likapita upande wa pili. Hakuna kilichoguswa. Bendera ya njano ya tahadhari ikapepea, wakaiondoa stendi. Yeye akaendelea, akapita wawili, akamaliza wa pili.

Msimamizi alikuja kunifukuza. Aliponiona nimeung'ang'ania uzio, akanikalisha juu ya tairi, akanipa maji yake. Baada ya mbio Spana akaja, kofia kwapani, kamera yangu mkononi. Nikainamisha kichwa nisubiri ninachostahili.

"Umeumia, kaka?" akauliza.

Nikalia mbele za watu. Akanikumbatia na vumbi lake lote. Nimeshukuru leo kuliko siku zote nilizowahi kushukuru.

Jumatatu, 10 Juni

Kuhariri. Nimekaa mbele ya kompyuta ya mke wangu tangu nitoke kazini.

Mzunguko wa kwanza na wa pili: uzio. Uzio safi kabisa, kila waya unahesabika, hata kutu. Nyuma yake vitu vya rangi vinapita. Kamera ilijilenga yenyewe na ikaupenda uzio. Mzunguko wa tatu: mbingu, tairi, mbingu. Sauti: upepo, kama mtu anapuliza chai ya moto. Ile sifongo nimeikuta mfukoni.

Sikukata tamaa. Milipuko kazi yake ni nini? Nikaweka tisa. Programu ikaandika TOLEO LA MAJARIBIO katikati ya kila picha, herufi kubwa kuliko magari. Kisha kompyuta ikaganda simba akiwa ananguruma, na hakunyamaza. Mke wangu alikuwa amelala baada ya zamu. Alitoka na kandambili mkononi. Hakuirusha. Nashukuru.

Nikaanza upya. Nilipochomeka kamera, ikaniuliza kama nataka kuisafisha kadi ya kumbukumbu. Mimi ni mtu wa usafi. Nikakubali.

Hakuna kilichobaki. Hata uzio.

Nilikwenda gereji kumwambia. Alikuwa chini ya gari, zinaonekana buti zake tu. Nikaziambia buti kila kitu. Moja ikajikuna kwa nyingine. Kisha akasema tutaona, kaka, nenda ukale. Angenitukana ningepata nafuu.

Jumanne, 11 Juni

Nimekwenda kwa Bwana Harusi. Nilipanga nisiombe, bali yeye ndiye ajitolee. Nilichukua bisibisi ya kazini, nijidai napita nyumba kwa nyumba kukaza skrubu za miwani za majirani. Nilipofika ndipo nikakumbuka havai miwani. Ikabidi niombe wazi.

Akavuta kiti, akaniambia nikae. Anazo mbio zote! Alizirekodi kutoka kwenye tuta, pale nilipoambiwa nisimame. Nikamuuliza alifuata nini siku ya mapumziko. Akasema anapenda magari. Ajabu, katika video yake nzima kuna gari moja tu.

Kamera yake ni ileile nyeusi aliyonionyesha yule mama, ila kuukuu, kifuniko kimebanwa na mpira. Alielezea bila kujivuna. Aliilenga kona kwa mkono kabla magari hayajafika, akafunga, ili vumbi lisiidanganye. Gari lilipokuja aligeuka kiunoni, miguu imetulia, akalifuata. Kuhariri akatumia ile programu ya bure. Akakata mwanzo, akakata mwisho. Injini akaiacha, ili wasikie Spana anabadilisha gia wapi. Stendi yangu ikibingirika inaonekana vizuri, na mimi pia, nimefumba macho.

Nikapendekeza mlipuko mmoja, mdogo, mwishoni. "Acha gari liseme lenyewe, shemeji," akasema.

Shemeji! Amechoka, maskini, ulimi umeteleza. Sikumsahihisha.

Mwisho wa video ameandika: Imerekodiwa na familia ya dereva. Nimeguswa. Familia ya dereva si ni mimi? Kazi yote yake, sifa yote kanipa. Nimefuta nusu ya niliyomwazia. Video imetumwa saa kumi jioni.

Jumamosi, 22 Juni

Simu imepigwa gereji. Kwa bahati nilikuwepo, kama nilivyokuwepo kila siku wiki hii.

Ni mwalimu wa timu, mama mwenye sauti nzito. Spana aliweka spika tusikie wote. Mama akasema waombaji wengi wanaendesha vizuri njia ikiwa safi, hilo halimshangazi. Lakini kuna kipande kimoja kwenye video hii wamekiangalia mara kumi na moja, yeye na mafundi wake. Akauliza kile kilichoanguka njiani ni kitu gani.

Spana akaniangalia.

"Ni kaka yangu," akasema. "Alikuwa ananisaidia."

Mama akacheka mpaka akakohoa. Akasema msimu unaanza Agosti, Spana aje na ovaroli zake. Amepata! Mafundi wakagonga vyuma. Bwana Harusi alikuwepo pia, sijui alifuata nini gereji mtu asiye na gari, akafuta macho kwa kitambaa cha kamera. Mke wangu alikuja mbio na sare yake, safari hii bila kuombwa.

Nimewashukuru wote, mmoja mmoja. Daktari kwa ruhusa. Mama wa dukani kwa sifongo. Mzee wa bendera kwa maji. Bandeji nayo, kwa kulegea wakati muafaka. Ingekazana, leo tungekuwa wapi?

Jumapili, 30 Juni

Spana ameondoka na sanduku lake la vifaa. Bwana Harusi amemsindikiza kwa gari la kukodi. Naye amepata kazi mji huohuo, harusi zipo kila mahali. Bahati iliyoje, mdogo wangu hatakuwa peke yake na wageni.

Kabla ya kuondoka Spana alinishika mabega. Aliomba ahadi moja: mbio zake nije kuzitazama nikiwa nimekaa. Nimekaa kabisa, kwenye kiti. Nikaahidi kutoka moyoni. Aliponikumbatia nilimshukuru Mungu kwa umri niliofikia.

Nyumba imekuwa kimya. Nimetafakari mwezi mzima, kosa lilikuwa wapi. Nimelipata. Lilikuwa miguu. Kitu chenye miguu lazima kitaanguka, ni hivyo tu. Kwa hiyo nimeagiza kamera inayoruka. Haina mguu hata mmoja. Mbio za Agosti itaelea pale kwenye kona, karibu kabisa na kioo cha Spana, aone kwamba nipo naye. Nami nitakuwa kwenye kiti na rimoti, kama nilivyoahidi.

Daktari amenipa likizo hata kabla sijamaliza kuomba. Boksi limefika leo. Ndani kuna maelekezo, kitabu kizima. Nitayasoma ikishapaa.