Mpangaji wa Folda ya Picha

Jumatatu, 3 Novemba 2008

Naahidi kuandika kila kitu humu, hata ya kuniaibisha. Leo hakuna ya kuniaibisha. Leo nimegundua jambo!

Ijumaa Mwalimu Solveig atamchagua mmoja wetu atunze ufunguo wa chumba cha kompyuta. Tumebaki wawili: mimi, Ylva, na Tyra, ambaye kila akijibu swali husukuma nywele nyuma ya sikio. Kila mmoja aeleze kitu kigeni alichokikuta kwenye kompyuta ya nyumbani. Changu nimekipata. Niliiamuru kompyuta ionyeshe mafaili yaliyofichwa, na kwenye picha za likizo, kati ya Mama akimenya kamba wa kuchemsha na Baba akikoroma, likatokea faili: Thumbs.db. Hakuna aliyeliweka. Nimelifuta. Ushindi!

Jumanne, 4 Novemba

Limerudi. Nimelifuta mara nne. Kila nikifungua folda, lipo.

Nikamshuku kaka yangu Malte. Akaniuliza kwani yeye hana kazi, dogo, mpaka akae kunitegea mafaili? Nikamwahidi peremende zangu zote za Jumamosi aseme ukweli. Akakubali upesi, kisha akasema ukweli ni kwamba hajui. Hasara tupu.

Jumatano, 5 Novemba

Wazo! Limenijia kwenye chumba cha kufulia.

Katika jengo letu mtu akikuudhi humsemeshi. Unambandikia karatasi. Leo juu ya mashine: "Wewe uliyeacha manyoya ya mbwa humu, kwenu hakuna ufagio? Ahsante!" Bila jina. Sote tunajua ameandika Bwana Hasselgren wa ghorofa ya pili. Sote tunajua mbwa ni wa nani. Na wawili hao wamesalimiana vizuri kabisa kwenye ngazi.

Nami nimeandika: "Mpendwa Thumbs.db, folda hii ni ya familia. Tafadhali hama kabla ya Ijumaa saa mbili asubuhi. Ahsante!" Barua nimeichora kwenye kompyuta kama picha, yenye fremu nyekundu, nikaihifadhi humo humo ndani ili ionekane. Nikafungua folda tena. Faili limeongezeka kilobaiti tatu. Limesoma!

Alhamisi, 6 Novemba

Supu ya njegere na chapati za maji, kama kila Alhamisi. Sikula vizuri. Kazi nyingi.

Nimeweka barua kumi na moja, kila moja kali kuliko iliyotangulia. Kila barua, faili linanenepa. Nimechora grafu kwa rula. Baba alipita na kahawa yake, akaitazama grafu, akasema mwanangu, kama ukiweka picha linanenepa, si ina maana lina shughuli na hizo picha? Nikamjibu kwa heshima kwamba hilo ni jepesi mno. Baba ni fundi bomba. Hitimisho nimeshaliandika kwa wino: ni jasusi.

Ijumaa, 7 Novemba

Nilisoma ripoti yote, kurasa sita. Darasa likanikodolea macho. Nikadhani ni mshangao.

Kisha Tyra akanyoosha mkono, akaomba radhi (akaomba radhi!), akasema hilo ni faili la mfumo tu. Linatunza nakala ndogo ndogo za picha ili folda ifunguke haraka; ukilifuta, kompyuta inatengeneza jingine. Yote kwa pumzi moja. Nywele. Sikio.

Mwalimu Solveig akasema vipimo vyangu ni safi kuliko vyote alivyowahi kuletewa. Ila, Ylva mpenzi, umeupima mlango mzima hadi bawaba, ukasahau kuufungua. Wakacheka wote, hata aliyekuwa amelala.

Ufunguo kaupata Tyra. Mimi nitapangusa vumbi kwenye kibodi za kompyuta, Jumatano kwa Jumatano. Nimekubali haraka mno.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimefikiri tangu kifungua kinywa. Tyra hajawahi kukanyaga kwetu. Kompyuta yetu hajaigusa. Lakini alijua faili linafanya nini, linakula nini, hata kwa nini hurudi! Mtu asiye na hatia angeyajulia wapi hayo?

Nimeandika barua kwa mwandiko wangu bora, bila jina kama inavyostahili, nikaipenyeza kwenye tundu la barua mlangoni kwao:

"Mpendwa Tyra, hongera kwa ufunguo. Kwa hisani yako, naomba jibu la maandishi leo kabla ya saa kumi jioni. Ahsante! Lile faili uliliingiza lini?"