Kitanda cha Kushikwa Kichwa

Ifahamike kwa umma wote wa Rangwe kwamba kuanzia Jumatatu, hakuna mwananchi atakayeumwa kichwa kabla kichwa hicho hakijashikwa rasmi.

Hivyo ndivyo kipaza sauti kilivyonguruma sokoni kutoka juu ya pikapu, na aliyekishika alikuwa Austine mwenyewe, Mkurugenzi wa Kurugenzi ya Utulivu wa Vichwa. Hakuwaacha watu gizani. Akawaeleza la kutarajia.

"Utalala chali na nguo zako zote. Mtaalamu atakushika kichwa, kisha kiuno, polepole, kama mtu aliyeshika yai la kuazima. Hatakukanda, hatakuvuta. Atasikiliza mdundo wa maji. Unaweza kusinzia. Unaweza kulia. Unaweza kuhisi uzito kidogo. Ni kawaida, usiogope. Ila usiinuke kamwe kabla mtaalamu hajaondoa mikono, maana kichwa kikiachwa njiani, Kurugenzi haitawajibika!"

"Hayo maji yako wapi?" mama mmoja akauliza.

"Ndani ya uti wa mgongo."

"Mimi nauliza ya kisima."

Austine akatabasamu kwa huruma ya mtu aliyesoma. Swali lilikuwa nje ya mada.

Muulizaji alikuwa Benta, mwenye kibanda cha chai na mandazi kando ya barabara ya Homa Bay. Tangu pampu ya kisima cha soko ife, alikuwa akishuka mtoni na kupanda, mtungi wa lita ishirini kichwani, juu ya ngata aliyoiviringisha kwa kitenge kikuukuu. Shingo ilikuwa imekakamaa hadi ukimwita kwa nyuma anageuka mwili mzima, kama lori. Daktari alikuwa amemwonya kwamba akiendelea kubeba, mkono utakufa ganzi. Na asipobeba hakuna chai, na bila chai watoto hawasomi. Sasa achague lipi?

Msije mkasema Kurugenzi haikujali. Malalamiko ya maji ilikuwa imeyapokea na kuyachambua kitaalamu, ikagundua kwamba wote wanaolalamikia maji wanaumwa kichwa pia. Kumbe shida ni vichwa! Wataalamu wakapelekwa hoteli moja ya Migori kujifunza kushika vichwa, wakarudi na vyeti na makoti meupe.

Pampu mpya nayo ilikuwepo, asikudanganye mtu. Ilikuwa katika sanduku lake la mbao, ikingoja mgeni rasmi wa kuizindua. Pampu ya serikali haiwezi kutoa maji hivi hivi bila hotuba; hayo yangekuwa maji ya kienyeji. Na kwa kuwa vitanda vya tiba havikufika, Austine, mtu wa kuona mbali, aliagiza godoro litandikwe juu ya lile sanduku na shuka literemshwe hadi sakafuni. Pampu ikawa salama, na vichwa vikapata pa kulala.

Benta alikuwa miongoni mwa wa kwanza. Mtaalamu wake aliitwa Mourine, binti mpole mwenye mikono ya joto.

"Mama, unasikia nini?"

"Nasikia usingizi, nyathina, mwanangu."

Akakoroma pale pale. Alipoamka, machozi yalikuwa yamemlowesha masikio.

"Haki ya Mungu," akasema, "tangu niolewe hakuna mtu amewahi kunishika kichwa bila kuniwekea kitu juu yake." Akajifuta kwa leso. "Lakini hapa kwa kiuno kuna kitu inanidunga."

Mourine akaenda kumuuliza Mkurugenzi.

"Mwambie huo ni mvutano unatoka," Austine akasema bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake.

Benta akashukuru, akachukua ngata yake, akashuka mtoni. Kesho yake shingo ikawa ngumu tena, akarudi. Kesho kutwa vivyo hivyo. Austine alifurahi mno: huduma mbovu nani angeirudia?

Sifa zikafika Nairobi. Daktari Kerosi, mkubwa wa wakubwa, akaja kujionea, na habari za chini ya kapeti zilisema kwamba akipendezwa, Austine atapandishwa cheo ashike vichwa vya taifa zima. Austine alivaa suti mpya. Wanawake waliitwa waje na mitungi yao ili wapendeze kwenye picha. Hotuba ikasomwa.

"Vizuri," Kerosi akasema. "Sasa nataka kumwona mwenye wazo akishikwa."

Austine hakusita. Akalala chali na suti yake, Mourine akamshika kichwa, kamera zikabofywa.

"Unasikia nini, Mkubwa?"

"Utulivu," Austine akasema kwa sauti ya redio. "Utulivu mkubwa... aah! Kuna kitu kinanidunga kiunoni."

"Ni mvutano unatoka, Mkubwa."

"Mvutano gani? Huu ni msumari!"

"Hapo hapo!" Benta akaruka. "Hapo ndipo hunidunga mimi! Hebu tuione hii mvutano." Akalifunua shuka.

Ubavuni mwa sanduku kulikuwa na herufi nyekundu, kubwa, za kusomeka hata na asiye na miwani: PAMPU YA MAJI, KISIMA CHA SOKO, RANGWE.

"Yawa!" Benta akasema. "Nalala juu ya maji yangu, halafu naamka naenda mtoni?"

Austine akataka kuinuka. Mikono ya Mourine haikutikisika.

"Bado sijaondoa mikono, Mkubwa."

"Ondoa basi!"

"Mdundo wako unaenda mbio sana. Na ni wewe ulisema kichwa kikiachwa njiani, Kurugenzi haitawajibika."

Austine akamtazama Kerosi, macho yakiomba msaada.

"Endeleeni," Kerosi akasema. "Nimependa sana nidhamu hii."

"Sisi tunataka sanduku tu," Benta akasema. "Mgonjwa tusimsumbue."

Wanawake wakaweka ngata vichwani, wakainama, wakahesabu moja, mbili, wakainuka. Sanduku likapanda, godoro likapanda, Mkurugenzi akapanda. Benta akatangulia kufungua njia, Mourine akatembea nyuma kwa vidole vya miguu, mikono juu, kichwa hajakiacha. Soko zima likasimama.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone!" muuza omena akapiga kelele.

Austine, akitazama mawingu, alikuwa tayari akifikiria kwamba katika ripoti jambo hili lingeweza kuitwa huduma tembezi.

Kisimani wakamtua. Mourine akaondoa mikono, Elijah fundi wa pampu akavunja sanduku, na aliyetaka kutoa hotuba akaombwa ashike spana. Kabla soko halijafungwa, bomba likakohoa, likatema kutu, kisha maji yakaja, meupe, kwa kishindo. Benta alilia waziwazi, hakuona haya.

Kisha akajaza mtungi wake, akakivika kichwa cha Mkurugenzi ile ngata ya kitenge.

"Mgeni hajanywa chai, na kibanda ni pale tu," akasema. "Nisaidie, jaduong', mzee wangu. Mimi shingo inauma."

Kerosi alikuwa akitazama. Kamera pia. Wanawake wawili wakamtwika. Shingo ya Austine ikazama ndani ya kola, maji yakamchuruzika hadi kwenye tai.

"Mourine," akanong'ona, "hii... hii ni..."

Mourine akamgusa kidogo kisogoni, kwa wepesi aliofundishwa Migori.

"Utahisi uzito kidogo, Mkubwa. Ni kawaida, usiogope."