Mimi Saba Ukumbini

Jumatatu, 3 Machi
Nimeingia ndani ya kompyuta! Mimi mzima, na gauni langu la zambarau! Kitinda mimba wangu kaenda kupima ukumbi wa zamani wa mji kwa mashine ya miale. Inasimama kwa miguu mitatu, inazunguka, na kila inapogusa ukuta au nguzo inaokota nukta. Mamilioni! Zikikusanyika zinakuwa picha ya ukumbi mzima. Kisha mtu anafungua kivinjari kwenye simu, anatembea ukumbini akiwa kitandani kwake. Nani mwingine ana binti wa hivyo? Kaniambia nisubiri nje. Nje! Mimi niliyemzaa? Kila mashine ilipohamishwa nami nikahama, nikasimama mbele yake wima.

Jumanne, 4 Machi
Balaa. Nimetokea saba. Mimi mlangoni, mimi kwenye ngazi, mimi karibu na choo. Binti kashika kichwa. Kasema wahandisi wanakuja Alhamisi: wakipenda, atapima majengo yote ya mji, wakicheka, anarudi kuuza vocha. Ananifuta mmoja mmoja. Nimemsihi amwache yule wa nguzo ya kati, ambaye tumbo halionekani. Kanyamaza. Kunyamaza ni kukubali.

Jumatano, 5 Machi
Nimemwonyesha jirani, Mama Dokta. (Mwanawe daktari, hatupumui.) Kwenye simu yake nikatokea kama vumbi la ufagio. Kacheka mpaka kakaa chini. Eti, shoga, umeshaungua au bado unafuka moshi? Binti kaeleza: ukiwa mbali kivinjari kinaleta nukta chache, ukisogea kinaongeza pale unapotazama. Kikizileta zote kwa pamoja, kinazimia.
Kumbe napunjwa nukta na mwanangu wa kumzaa!
Kwenye kompyuta yake kuna kitelezi, kitufe cha kusukuma huku na huku kupanga idadi ya nukta. Alipoingia kuoga nikakisukuma hadi mwisho. Mkono wa mama una baraka.

Alhamisi, 6 Machi
Wahandisi wamejaa sebuleni. Kompyuta ikanguruma kama mashine ya kusaga, picha ikaganda. Binti akanitazama. Nikatazama dari. Mhandisi mkuu akatazama saa, akaanza kufunga mkoba.
Binti akarudisha kitelezi, akasogea polepole. Nguzo ikatoka ukunguni. Nyufa zikaonekana. Kisha mimi, mpaka hereni!
Mkuu akauliza huyu ni nani. Nikamwambia ni mimi, baba, karibu chai. Akasema miaka yote ameusoma ukumbi ule kwenye michoro, lakini leo, kwa huyu mama kusimama pale, ndiyo ameona nguzo zilivyo ndefu. Mkoba ukafunguliwa. Kazi kapewa!
Walipoondoka nikamuuliza kwa nini hakunifuta wa saba, yule wa nguzo ya kati. Kasema alijaribu, mkono ukakataa. Nimelia kwenye aproni.

Ijumaa, 7 Machi
Binti kaniapisha: nisiguse kitelezi, nisisimame tena mbele ya mashine. Nimeapa. Kitelezi sikigusi ng'o.
Hilo la pili nimelitafakari. Ikiwa mtu mmoja kaonyesha ukubwa wa ukumbi, stesheni ya zamani, atakayoipima Jumapili, si itahitaji ukoo? Dada zangu nimeshawaambia. Shangazi zake nao wanashona sare. Hata Mama Dokta anakuja. Nimempangia kona ya mbali kabisa, kule nukta zinakoadimika. Binti bado hajui. Atafurahi sana! Wote stesheni, wamependeza, Jumapili saa tatu asubuhi.