Spika Ndani ya Lindo la Mtama

Jumatatu, 4 Februari 1974

Leo nimeaibishwa. Gasto, msimamizi wa duka la kijiji, kafungulia watu redio yake. Ana spika mbili, visanduku vidogo, kaka yake kamletea kutoka Arusha. Kaviweka juu ya rafu, kimoja kulia, kimoja kushoto, katikati picha ya harusi yake. Wazee vitini, vijana dirishani. Mimi nimesimama mlangoni, hakuna aliyenisogezea hata kigoda.

Nikamwambia, kwa upole kabisa, kwamba spika za rafu ni za wagonjwa. Mwanamume anaweka spika ya kusimama, chini sakafuni, yenye besi ya kutikisa kifua. Akajibu kwamba sikio la mtu liko kichwani, haliko magotini. Watu wakacheka. Mwenyekiti wetu, mzee Mughwai, naye akacheka, na mzee yule hata harusini hacheki.

Redio ninayo, na spika kubwa ninayo! Niliipata mwaka juzi kwa dereva wa gari la sinema, nikampa beberu. Imelala uvunguni kwa sababu haina sanduku, na spika bila sanduku ni koo bila mwili.

Nilipomweleza mke wangu Dorika habari ya sanduku, akaniuliza kama nimeliona shamba. Nimeliona. Mtama umefika gotini ukakauka. Mvua haijanyesha tangu Krismasi. Chakula chetu chote ni mtama wa mwaka jana uliomo kwenye lindo, pipa letu la kuhifadhia nafaka, na Dorika anatupimia kwa bakuli ili sisi wawili na mtoto wetu Dina tufike mavuno, kama mavuno yapo. Mtu anazungumza muziki, mwenzake anazungumza ugali!

Jumatano, 6 Februari

Kutwa majaribio. Debe: makelele matupu. Mtungi: sauti ya mtu aliyetumbukia kisimani. Sanduku la nguo la Dorika: afadhali kidogo, lakini mwenyewe kalitaka, na nguo zake alizozikuta chini pia.

Alasiri nimechoka, nikaiweka spika juu ya lindo nipumzike. Muziki wa dansi ukaanza. Mungu wangu! Besi ikanishuka mpaka nyayoni. Lindo letu ni la gome la myombo. Marehemu baba alilibandua mwenyewe porini, limeviringika vizuri, linanifika kifuani. Juu, pale Dorika alipokwisha kuchota, ni patupu, na patupu ndipo panapoimba. Je, likiwa tupu lote?

Kwetu mwanamume hafungui lindo la mkewe. Akionekana katia mkono mle, watu wanamuuliza kama mke amekufa. Mila nzuri sana. Lakini iliwekwa kabla ya redio.

Ijumaa, 8 Februari

Bahati! Dorika kaitwa Issuna, shangazi yake amefariki. Nimesikitika mno. Kaondoka alfajiri na Dina, watalala matanga. Kabla ya kwenda alinitazama, akalitazama lindo, akaniachia unga wa kunitosha jikoni ili nisiwe na sababu.

Asubuhi hiyohiyo mtama wote ukawa uani, juu ya ngozi za ng'ombe na mikeka. Niliwaza kuuingiza ndani, lakini ndani panahitaji nafasi ya wageni. Tena jua kali, wadudu watatoka. Kila jambo na faida yake. Nimetoboa tundu la duara ubavuni mwa lindo, nikaifunga spika kwa misumari. Limesimama! Nimezunguka kijiji kualika watu, nikaanza na Gasto. Akanitupia ule msemo wa debe tupu. Ataona.

Jumamosi, 9 Februari

Siku kuu. Wamekuja karibu wote. Taarifa ya habari ilisikika mpaka kisimani. Ulipoanza muziki, vumbi likaanguka kutoka darini. Mzee Mughwai alijishika kifua akasema anajisikia ana moyo wa pili. Gasto alikuwa ameegemea ukuta, kimya. Ukimya huo ndio niliokuwa nautafuta, mengine yalikuwa nyongeza.

Katikati ya muziki ikaja ngurumo. Tukadhani ni besi, nami nikapokea pongezi. Kumbe mvua! Mvua yenyewe, iliyoombewa kanisani na msikitini. Watu wakatoka nje wanapiga vigelegele, wakacheza uani, maji yanatiririka, matope yanaruka. Nami nikacheza. Nilicheza sana. Ndipo Martha, mpika pombe, akaniuliza mbona matope ya kwangu yana punje.

Jumanne, 12 Februari

Hakuna mvua nyingine. Ile moja ilikuja kwa ajili ya mtama wangu tu.

Mwingi umekwenda na maji bondeni. Kuku wa jirani wamechukua fungu lao. Niliouzoa umeanza kuota, vichipukizi vyeupe vimejitokeza, vinanitazama.

Dorika amerudi leo. Nilikuwa nimetayarisha maneno marefu kuhusu mapenzi ya Mungu. Hakuyasubiri. Alipiga magoti uani akaanza kuokota punje nilizoziacha, moja moja, na Dina akaokota upande wa pili. Jua limezama hawajainuka. Kisha akasema mtama ulioota bado ni chakula. Tukiuanika vizuri na kuusaga, mtoto atapata uji mpaka Pasaka, na sisi wakubwa tutajua la kufanya. Akaniomba jambo moja tu, nisiuguse. Nikaahidi. Aliridhika mapema mno, masikini.

Alhamisi, 14 Februari

Nimeutafakari uji. Uji unanywewa, unakwisha, basi. Lakini mtama ulioota ni kimea, na kimea kikifika kwa Martha kinatoka pombe! Kila mnywaji atalipa kibaba cha nafaka. Kibaba hiki, kibaba kile, kufika Jumapili lindo limejaa. Hapana, lindo lina kazi. Magunia yamejaa. Dorika atanipigia vigelegele.

Martha alisita. Alisema serikali ya kijiji imekataza kupika pombe ya nafaka wakati wa njaa. Nikamwambia marufuku ni kwa watu wasio na mipango. Dorika na Dina walipokwenda kutafuta maji, na siku hizi maji yako mbali, nikakibeba kimea chote.

Jumatatu, 18 Februari

Pombe iliiva vizuri, sina lawama na Martha. Spika ilivuma. Watu wakaja na vikombe. Vibaba hawakuja navyo. Wameniambia nafaka hawana, ndiyo maana wamekuja kunywa. Hilo sikuwa nimelifikiria.

Mara akatokea mzee Mughwai na mgambo wawili. Alisema ameisikia besi akiwa kwake, akajua hapa kuna jambo. Spika yangu mwenyewe imenichongea! Wakaliinamisha pipa la pombe mbele ya watu wote. Dorika alikuwa amesimama kando, ameshika kibuyu cha maji, anaangalia chakula cha mwanawe kinavyoingia ardhini. Hapa nauona mkono wa Gasto. Yeye angepika pombe mwaka mzima, na vispika vyake vile nani angesikia?

Jumanne, 19 Februari

Dorika kaenda kwao Mgori, kamchukua Dina. Mtoto miguu imekuwa myembamba. Nimeiona leo alipopita mlangoni. Aliniamkia shikamoo kwa adabu, akajifunika kanga, wakaondoka.

Dorika hakulia wala hakugomba. Afadhali angegomba. Alisema, "Baba Dina, siku utakayokuja na unga mkononi, nitarudi. Ukiwa na maneno, usije."

Nyumba kimya. Hata hivyo, kwa masikio ya mtaalamu, nyumba isiyo na watu ina mwangwi bora zaidi. Nikafungua redio nihakikishe. Sauti ikafifia, ikakatika. Mawe ya redio, yaani betri, yamekwisha, na dukani kwa Gasto hakuna. Nimelala na njaa. Nimelia kidogo, lakini ni mambo ya tumbo.

Alhamisi, 7 Machi

Lori la serikali limeleta unga wa yanga, ule wa njano wa msaada! Foleni tangu alfajiri, watu wamekonda hata kusukumana hawawezi. Nilikuwa peke yangu, nikajua nitapata fungu la mtu mmoja. Mzee Mughwai akaniita pembeni. Alisema kuna mtu katoka Mgori, kasema Dina hatoki tena nje kucheza, anakaa tu ukutani. Akanipimia fungu la watu watatu. Akaniambia, "Huu si wako. Ni wa mtoto. Uupeleke leo."

Nikautwika begani nikashika njia, nia yangu safi kabisa. Niliwaona kabisa wakirudi nami, Dorika mbele, Dina mgongoni kwangu.

Njia ya Mgori inapita kwa Gasto. Alikuwa barazani, watoto wake wamejilaza ndani, fungu lake halitawafikisha Jumapili. Akaniita. Sijapata kuisikia sauti yake ikiwa chini namna ile. Alisema nichukue spika zote mbili, na nyaya zake, nimpe unga.

Gasto! Ananiomba mimi!

Nilimfikiria Dina, Mungu ni shahidi. Nikasema basi achukue nusu. Akajibu kwamba nusu ni spika moja. Sasa spika moja ya rafu ni ya nini? Zinakwenda mbili, hata mtoto anajua.

Ziko hapa mbele yangu. Nzuri! Ubishi umekwisha: ya kusimama ninayo, za rafu ninazo, Gasto hana hata ya kusingizia. Mawe sina, lakini hata zikiwa kimya zinapendeza. Mzee Mughwai anasema lori halirudi mpaka mwezi ujao. Si neno. Dorika ni mvumilivu, na huko kwao mlenda hawakosi.

Kilichobaki ni rafu. Spika hizi haziwekwi chini, ni kosa la kitaalamu, na kijiji kizima hakuna mbao. Nimekitazama kitanda cha Dina. Ni mninga mtupu, na kwa sasa hakilaliwi na mtu.