Kuhusu Mahali pa Kuonyeshea Miti ya Vyunguni, Miteja

Miteja, Mfungo Nane

Kwa Jenabu Akida Abdurahmani bin Hasani, mwakilishi wa Serikali ya Kidachi hapa Miteja, na mtoto wa kaka yangu.

Baada ya salamu: marahaba. Hujaniamkia tangu upewe uakida, lakini nakuitikia hivyo hivyo, isije ikasemwa kwamba nyumbani kwetu hakuna adabu. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Karani wako sikumpa kazi hii, kwa kuwa yeye huandika yale unayopenda kuyasikia.

Mimi Mwahija binti Mfaume, shangazi yako, ndiye mkuu wa Chama cha Miti ya Vyunguni. Kazi yetu unaijua, umekulia humo. Mkwaju, mdimu au mkomamanga tunauotesha chunguni, tunaupunguza mizizi na matawi, tunaupinda kwa kamba za ukindu, hata mti wenye umri wa mtu mzima unakuwa na kimo cha kuku. Kila mwaka baada ya mavuno tunaionyesha miti hiyo. Watu huja hata kutoka Kivinje, na mshindi hupikiwa pilau. Mwaka huu miti iko tayari, mahali hatuna. Na aliyetukosesha mahali ni wewe, mwanangu. Kwa heshima zote naeleza malalamiko yetu.

La kwanza. Baraza ya Bi Adija, tulipokuwa tukionyesha miaka yote, umeijaza magunia ya pamba, na nyumba nayo umeijaza. Tulipotuma mtu kukuuliza, ulijibu kwamba pamba ya serikali haiwezi kulala nje. Sawa, hatubishi. Bi Adija je? Yeye analala jikoni na kuku, na moshi umemwasha macho mpaka hatofautishi mdimu na mkwaju.

La pili. Uwanja wa kisimani nao ungetufaa, ingawa mwaka juzi mbuzi waliingia wakaula mkomamanga wa mwenzetu Tawakali ulioshinda, tena pilau ikiwa bado jikoni. Mbuzi tuliwasamehe. Lakini wewe umepiga marufuku watu kukusanyika kisimani, kwa sababu ya hizo habari za dawa ya maji kutoka bara, ambayo ati mtu akinyunyiziwa, risasi haimpati. Na hapa ndipo roho inaponiuma, Abdurahmani. Alhamisi mume wangu Fakihi alikuwa pale kisimani akiuogesha mkwaju wake. Sisi wa vyunguni mti hatuumwagii maji. Tunajaza maji kinywani, tunasema Bismillahi moyoni, kisha tunapuliza majani taratibu. Askari wako, mgeni ambaye hajaona mti ukiogeshwa tangu azaliwe, alimwona mzee anapulizia mti maji, watu wamemzunguka kimya. Akapiga ukelele kwamba amemkamata mganga.

Na wewe ulikuwapo! Ulijua! Fakihi huyo huyo ndiye aliyekufundisha kupuliza ulipokuwa mtoto, ukayameza maji yote ukashikwa na kwikwi mpaka magharibi. Ungesema neno moja tu, yule askari angecheka na mambo yangekwisha. Ukatazama pembeni, ukasema afungwe mpaka Bwana Mkubwa, yule Mjerumani, aje kutoka Kivinje. Sote tunajua Bwana Mkubwa akiletewa mganga wa maji anaagiza nini. Anaagiza kamba.

Lakini barua hii ni ya maonyesho, nisitoke nje ya njia.

La tatu. Nilikwenda kulitazama shamba lako la pamba, nikidhani labda litafaa. Halifai kabisa. Pamba yenyewe haijafika magotini, na wageni wangedhani ndiyo miti ya chama, ushindi ukawa wako. Hiyo si haki. Sisi tunahangaika miaka na miaka kuudumaza mkwaju mmoja. Wewe kwa msimu mmoja umedumaza shamba zima la pamba, na mtama wetu wote, na watoto wanaoula mtama huo. Tumejaribu kuujua ufundi wako, na tunavyoona ni huu: siku mtama unapotaka palizi, ndiyo siku unayowaita watu wakalime pamba, na anayechelewa anakula kiboko. Mashallah. Chama kinakupongeza. Ukipenda kujiunga, tutakufikiria.

La nne, na hili ndilo ombi lenyewe. Tunaomba tufanye maonyesho katika ua wa gereza lako.

Usishtuke. Tumelipima jambo hili. Mbuzi hawaingii humo. Ukuta unatoa kivuli kizuri cha asubuhi. Wanaume wengi wa chama wamo tayari, wengine kwa ajili ya pamba, wengine kwa ajili ya kusema kuhusu pamba, basi usumbufu wa kuwaalika haupo. Zaidi ya hayo mwamuzi wetu, Fakihi, yumo. Bila yeye hatuwezi kumpata mshindi, maana hana upendeleo hata chembe. Mwaka jana aliniweka mimi wa mwisho, akarudi nyumbani akataka chakula, nami nikampa.

Tunapendekeza siku iwe ile ile atakayokuja Bwana Mkubwa. Tutamwekea kiti mbele. Fakihi ataupulizia mkwaju wake. Kisha wanawake wote wa chama, mmoja mmoja, tutapulizia yetu. Ikiwa huo ni uganga, basi sote ni waganga, na Bwana Mkubwa itambidi aagize kamba nyingi zaidi. Mwisho wa yote nitakuomba wewe, Bwana Akida, usimame mbele ya watu, ujaze maji kinywani, na upulize. Ufundi huo unao. Ukikataa, nitaieleza serikali ni nani aliyekufundisha na ulikuwa na umri gani, kwa kuwa serikali haipendi kufichwa mambo.

Natumaini utalikubali ombi hili dogo. Msalimie mkeo, wasalimie watoto. Msalimie karani. Msalimie na yule askari, umwambie Fakihi hana meno, muhogo mkavu hauwezi. Bi Adija na kuku wake wanakusalimu. Tawakali pia anakusalimu, ingawa nilimlazimisha.

Ni mimi shangazi yako, mtiifu kwa kadiri ninavyoweza,
Mwahija binti Mfaume
Mkuu wa Chama cha Miti ya Vyunguni

Baada ya kuikunja barua: Yote niliyoyaandika hapo juu yaache. Maonyesho hakuna. Jirani yangu Kidawa, anayekuletea barua hii, ametoka njiani sasa hivi, na anasema watu wameshuka kutoka milima ya Umatumbi. Huko wameng'oa pamba, na akida wao amekimbia. Sasa wanakuja huku, na wanakuulizia wewe kwa jina. Kidawa amepishana na askari wako wakielekea Kivinje, nadhani hawakukuaga. Nilitaka kucheka, wallahi, nikashindwa. Mimi ndiye niliyekulea.

Vua hiyo kanzu ya kiakida, jitande kaniki aliyokuja nayo Kidawa, upite kama mwanamke. Kalifungue gereza kwa mkono wako, umshike Fakihi, mje pamoja. Watu wale wanamjua na wanamheshimu, ukiwa ubavuni mwake hawatakugusa. Hapa kwangu, nyuma ya vyungu, nimetengeneza nafasi ya watu wawili. Mbishe mlango wa uani, nitawafungulia. Ukija peke yako, sikufungulii.